UZI: Ana A ya kemia, lakini kwao bado wanachemsha maji ili kuondoa floridi

#1 Mwalimu_Maabara (Nakuru)

Walimu wenzangu na wazazi, hamjambo. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu likizo ya Agosti, nikaona nililete hapa tulijadili.

Nafundisha kemia katika shule ya kutwa hapa Nakuru. Siku moja nilipita kumsalimu mwanafunzi wangu aliyemaliza kidato cha nne. Ni msichana mwenye bidii, alipata A ya kemia, na alama ile niliifurahia kama yangu mwenyewe. Mama yake alikuwa jikoni, sufuria kubwa iko motoni, maji yanatokota. Akaniambia, "Haya ni ya kunywa, mwalimu. Huwa nayaacha yachemke saa nzima. Huyu mdogo wao ameanza kuota meno ya kahawia, na nimeambiwa ukichemsha sana floridi inatoka." Binti alikuwa kwenye kigoda anamenya viazi, hakusema neno. Nikamuuliza, "Wewe unaonaje?" Akafikiri kidogo, akajibu, "Si inaondoka na mvuke, mwalimu?"

Usiku huo usingizi ulinipaa.

Kwa wasiotoka huku: ardhi yetu ya Bonde la Ufa ni ya volkeno. Maji yakipenya kwenye miamba yake huyeyusha floridi, na visima vingi virefu vya upande huu vina floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa kila lita ya maji ya kunywa. Meno ya ukubwani hujengeka ndani ya ufizi mpaka mtoto afike takriban miaka 8. Akinywa maji yaliyozidi sana kikomo hicho katika miaka hiyo, enameli, lile gamba gumu la jino, huundwa vibaya, na jino likichomoza huwa na madoa meupe au ya kahawia. Hayasuguliki kwa mswaki. Nina wanafunzi wanaofunika mdomo kwa kiganja wakicheka, kwa sababu tangu chekechea wanaambiwa ni wachafu.

Sasa turudi kwenye sufuria. Floridi haipai na mvuke. Tuseme umetia lita 4 za maji yenye miligramu 3 kwa kila lita. Ndani ya sufuria mna miligramu 12. Chemsha mpaka zibaki lita 3: miligramu ni zilezile 12, ila sasa kila lita ina 4. Yule mama, kwa mapenzi yote aliyo nayo kwa wanawe, alikuwa anawakolezea kitu kilekile alichotaka kukiondoa, tena kwa makaa ya kununua.

Na binti alijua! Mpe swali la mtihani, "Eleza utakavyopata chumvi kutoka kwa maji ya chumvi," atakuandikia: chemsha, maji yaende na mvuke, chumvi ibaki. Jaribio hilo alilifanya kidato cha kwanza mbele yangu, akaiona chumvi imeganda nyeupe kwenye bakuli. Lakini chumvi ya maabara na floridi ya jikoni kwao hazikuwahi kukutana kichwani mwake. Kazi ya kuzikutanisha ilikuwa yangu, na sikuifanya.

Muhula huu nimejaribu njia nyingine na kidato cha tatu. Kila kundi nililipa mrija mmoja wa kunywea soda. Wakaukata ubaki urefu wa kidole cha shahada na nusu yake, wakaziba ncha moja kwa nta ya mshumaa, wakadondosha ndani misumari miwili midogo. Ukiutia kwenye glasi ndefu ya maji, unaelea wima. Wakachora mstari kwa kalamu pale uso wa maji ulipogusa mrija. Kisha tukayeyusha robo kilo ya chumvi katika lita 2 za maji, tukautia mrija humo. Ukapanda, mstari ukawa juu ya maji. Kabla ya kuwasha jiko nikawauliza: tukiyachemsha haya mpaka ibaki lita 1, kisha yapoe, mrija utapanda zaidi, utashuka, au utabaki palepale? Kila mtu aandike jibu na sababu yake, asimwonyeshe jirani.

Wengi waliandika utashuka. "Moto huondoa uchafu." "Maji yaliyochemshwa ni mepesi." Mmoja aliandika, "Chumvi itapaa kama harufu." Tukachemsha, tukaiweka sufuria kwenye karai la maji baridi ili yapoe upesi. Mrija ulipanda, karibu nusu sentimita juu ya pale ulipokuwa mara ya kwanza. Darasa likanyamaza. Kisha kijana wa nyuma, ambaye kwa kawaida hafungui mdomo, akasema, "Sasa mwalimu, ile floridi ya kwetu nayo?" Nikampa chaki aje apige hesabu mwenyewe ubaoni.

Mwaka mzima nilikuwa nawafundisha majibu. Siku hiyo ndiyo waliyojiuliza tunajuaje. Ninyi mnafanyaje huko mliko?

#2 Mzazi_Bahati

Mwalimu, umenishtua. Hata mimi huchemsha kwa sababu hiyohiyo, na aliyeniambia ni mtu mzima ninayemwamini. Sasa tuache kuchemsha? Na huyu anayetuletea mitungi kwa mkokoteni anasema maji yake ni matamu kwa hivyo hayana floridi. Nina mtoto wa miaka 3. Naomba unijibu kwa lugha rahisi.

#3 Mwalimu_Maabara

Mzazi, usiache. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo, na hiyo ni kazi kubwa. Yakishatokota vizuri inatosha, funika, epua. Kuyaacha saa nzima ndiko kunakokoleza.

Floridi ni shughuli nyingine, ina dawa yake. Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru imefanya kazi ya miaka mingi ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo mpaka iwe mkaa, ikasagwa ikawa chembe, maji yakapitishwa humo, na floridi ikanaswa na madini ya mfupa. Ni kemia nzuri sana, kwa sababu mfupa na jino ni ndugu, na floridi inang'ang'ania kimoja kama inavyong'ang'ania kingine. Ila chujio huchoka. Baada ya muda mkaa umeshiba, haunasi tena, na macho hayatakuonyesha, kwa hivyo lazima maji yapimwe. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi yana floridi kidogo mno. Kama huna ya kuwatosha wote, mpe kwanza huyo wa miaka 3, kwa kunywa na kwa uji.

Muuza mkokoteni usimgombeze, ila utamu si kipimo. Floridi kwa viwango hivi haina rangi, harufu wala ladha. Mwulize ni kisima gani, na kama kimewahi kupimwa, karatasi iko wapi.

#4 Taaluma_Kakamega

Mwalimu mwenzangu, nimesoma kwa makini, na hadithi ya yule binti imenigusa. Lakini niseme ukweli wa upande wa pili, maana mimi ndiye mkuu wa taaluma shuleni kwetu na ndiye ninayeulizwa matokeo yakitoka.

Darasa langu moja lina wanafunzi zaidi ya 60. Bureti, ile mirija ya kioo ya kupimia asidi, zilizo nzima ni nane. Silabasi inatakiwa iishe mapema ili tuingie marudio na mtihani wa majaribio. Hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza kwenye mkutano kama mwanawe anajua floridi haipai. Huuliza, "Mlipata wastani gani?" Bodi pia huuliza hilohilo. Wewe umetumia vipindi viwili kwa mrija mmoja. Mimi katika vipindi hivyo viwili namaliza mada.

Wala sisemi kwa kutojua. Nilihudhuria mafunzo ya SMASSE, ule mradi wa Kenya na Japani ulioanza 1998 kwa walimu wa hisabati na sayansi. Tulifundishwa mambo hayahaya, mwanafunzi afanye mwenyewe, mwalimu abuni vifaa kwa alivyo navyo. Nilitoka pale na moto. Nilirudi shuleni, ratiba ikanimeza. Nani atakayenipa muda?

#5 Nyakwar_Nam (Kisumu)

Mimi ni wa bayolojia, hapa Kisumu. Taaluma, hoja yako ni nzito, wala sitaki kukupuuza. Niseme tu ninavyofanya mimi, nawe upime.

Huku kwetu malaria si mada ya kitabu. Hakuna mtoto darasani asiyewahi kuugua. Na bado ukiuliza inatoka wapi, wataandika "mbu" kwenye karatasi, kisha wakifika nyumbani: "Alinyeshewa juzi, ndiyo maana ana malaria." Mitihani haijawahi kuligusa hilo.

Nilichora mstari mrefu ubaoni, nikaweka siku. Mvua imenyesha, vidimbwi vimejaa. Yai la mbu kuwa mbu mkubwa ni takriban siku 10. Mbu huyo amwume mgonjwa, kisha kimelea kikae ndani yake siku 10 hadi 14 kabla hajaweza kumwambukiza mwingine. Amwume mtu mzima wa afya, ipite angalau wiki moja kabla ya homa. Jumlisheni. Walipata karibu mwezi mmoja. Nikawauliza, "Basi aliyenyeshewa jana na leo anatetemeka, aliumwa na mbu lini?" Msichana mmoja akasema polepole, "Kabla ya hiyo mvua."

Lakini nawakataza kwenda nyumbani kuwacheka nyanya zao. Nyanya ameona kweli: malaria huja nyuma ya mvua. Alichokosa ni kiungo cha katikati. Hata madaktari wa Ulaya walikikosa kwa karne nyingi. Neno lenyewe malaria ni la Kiitaliano, maana yake hewa mbaya, na ni mwaka 1897 tu Ronald Ross alipokiona kimelea ndani ya mbu kule India.

Wiki iliyofuata niliwaambia walete maji ya vidimbwi kwenye chupa. Jamani, hii ni raha! Kiluwiluwi cha mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji, kama kijiti kinachoelea. Cha yule mbu mwingine wa kwenye mitaro michafu huning'inia kichwa chini, mkia juu. Wakaona kwa macho, kwa lenzi ya shilingi chache. Vile vya kulala vilitoka kwenye nyayo za ng'ombe na vishimo vya barabarani vyenye maji safi yanayopigwa na jua. Mtaro mweusi nyuma ya soko, ambao kila mtu aliulaumu, ulitoa vya kuning'inia. Kutoka siku hiyo hawakusema tena "mbu" kana kwamba ni mmoja.

Na moja zaidi. Chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini tarehe 13 Septemba 2019, Homa Bay, jirani zetu. Kuna wazazi wanaosema haifanyi kazi kwa sababu mtoto aliyechanjwa aliugua tena. Majaribio yalionyesha kwamba dozi nne zilizuia takriban visa 4 katika kila 10 kwa miaka minne. Nilimwaga punje 10 za maharagwe mezani, nikaondoa 4, nikauliza: hizi 6 zilizobaki zinaonyesha chanjo imeshindwa? Wakabishana mpaka kengele ikalia. Katika eneo lenye wagonjwa wengi kama letu, hizo 4 ni watoto wangapi? Hilo nalo ni sayansi, na sikutumia bureti hata moja.

#6 Mwalimu_Maabara

Nyakwar, hayo maharagwe nayachukua.

Taaluma, nakujibu kwa heshima, maana najua hiyo presha. Wewe na mimi tunajua karatasi ya tatu ya kemia, ile ya maabara, ina alama 40, na katika hesabu ya mwisho ndiyo 40 kwa 100. Si kitu kidogo. Lakini tunaifundishaje? Mwanafunzi anajua kuna alama za kukaribia jibu la mwalimu na alama za namba kufanana. Basi anapima asidi kwa bureti mara moja, anapata 24.9, anajaza 25.0 na 24.9 bila kugusa bureti tena. Tunaita kupika matokeo, na sote tumewaona wakipika, na wakati mwingine tumegeuza uso upande wa pili. Tumemfundisha mtoto kwamba namba huandikwa ili impendeze mkubwa. Kesho ni mhasibu, ni mpima ardhi, ni muuguzi anayejaza chati ya joto la mgonjwa. Hili ndilo linalonitisha kuliko hata floridi.

Kuhusu vifaa, mnamkumbuka Bruda Peter Tabichi. Shule yake, Keriko, iko kijiji cha Pwani huku kwetu Njoro. Kompyuta ilikuwa moja, darasa limefurika, watoto wengi wa familia zisizojiweza. Wanafunzi wake walibuni kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu, wakafika mashindano ya sayansi ya kitaifa, na mwaka 2019 yeye akapewa kule Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni 1. Sisemi kila mmoja wetu ni Tabichi. Nasema alianzia kwenye maswali ya watoto wake, na maswali hata sisi tunayo.

Lipo la haraka zaidi. Mwaka 2026 kundi la kwanza la mtaala wa umilisi limeingia Sekondari Pevu, Gredi ya 10, na mikondo ni mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, sanaa na michezo. Katika mtaala wa zamani wa 8-4-4 kila mtoto alibeba angalau masomo mawili ya sayansi mpaka kidato cha nne, apende asipende. Sasa atakayechagua sanaa anaweza kumaliza shule bila kipindi kingine cha sayansi baada ya Gredi ya 9. Huyo naye atanunua maji, atachanja watoto, atapiga kura kuhusu mradi wa maji wa kaunti. Kile alichoondoka nacho Gredi ya 9 ndicho atakachoishi nacho. Nikifikiria hivyo, vipindi viwili vya mrija siwezi kuvijutia.

#7 Mwana_wa_Bunyore

Nimefuatilia tangu mwanzo. Mimi ni mwalimu wa jiografia na nataka kuongeza kitu ambacho walimu wa sayansi mara nyingi hukiogopa.

Hapa Bunyore, kaunti ya Vihiga, tunao wazee wa ukoo wa Nganyi. Kwa vizazi wamekuwa wakitabiri mvua, na watu walipanda kwa neno lao. Nilipokuwa shuleni, mwalimu alituambia ni ushirikina, basi, mada ikafungwa. Nikaja kujifunza ukubwani kwamba wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa walikaa na wazee hao, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, wakalinganisha utabiri wao na wa mitambo, wakatoa utabiri wa pamoja wa msimu kwa wakulima. Wazee wanaangalia mti fulani unapochipua, unapotoa maua, ndege na wadudu wanavyobadilika, upepo unakotoka. Hayo ni macho ya miaka na miaka.

Basi darasani sikusema ni kweli wala si kweli. Tulitengeneza kipima mvua kwa chupa ya plastiki na rula, tukaning'iniza daftari ukutani. Kila anayetaka kutabiri aandike kabla: mti huu umechipua leo, mvua itanyesha kati ya tarehe hii na hii. Kisha tunapima. Mtoto mmoja alileta ishara ya babu yake kuhusu siafu, nyingine ilitoka kwenye simu. Zote ziko kwenye daftari moja, zinahukumiwa kwa kipimo kimoja. Sharti langu ni kwamba hakuna kuandika baada ya mvua kunyesha. Hilo peke yake limewafunza zaidi ya mahubiri yangu yote, kwa sababu wamegundua jinsi mtu anavyokumbuka utabiri uliotimia na kuusahau uliopotea.

Pia sisi ni majirani wa Maseno, ikweta inapita pale. Mmeona ule mchezo anaoonyeshwa mtalii kule Nanyuki, karai lenye tundu, maji yanazunguka upande mmoja kaskazini ya mstari na upande wa pili kusini, wanasema ni dunia inavyozunguka? Wanafunzi wangu waliuamini kabisa, hata mimi zamani. Tulichukua karai, tukalitoboa, tukaziba tundu kwa kizibo, tukarudia mara 20 upande wa kaskazini na mara 20 kusini, mmoja anahesabu, mwingine anaandika. Kila upande wa mstari, mara nyingine maji yalizunguka kulia, mara nyingine kushoto. Kilichoamua ni jinsi ulivyomimina na mkono ulivyotoa kizibo. Dunia inazunguka mara moja kwa siku, na nguvu yake kwenye karai ni ndogo mno kushinda mtikisiko wa mkono. Kwenye tufani pana la mamia ya kilomita, hapo ndipo inapoonekana. Msichana mmoja alikasirika, akasema, "Kwa hiyo tumedanganywa?" Nikamwambia yule mwonyeshaji anajua tu kumimina vizuri. Akaenda kujaribu kumimina mpaka akaweza kuyapeleka maji upande anaotaka.

#8 Agroveti_Bungoma

Mimi si mwalimu. Kemia nilipata D, lakini nina duka la dawa za mifugo na mbegu, na haya mnayosema nayaona kaunta kila siku.

Mama mmoja alinunua dawa ya kuku, antibayotiki. Kwenye pakiti imeandikwa gramu ngapi kwa lita ngapi za maji, na siku ngapi usile wala kuuza mayai baada ya dozi ya mwisho. Akaniuliza, "Kuku amepona, kwa nini nimwage mayai?" Ana kidato cha nne. Nilimweleza kwamba dawa haitoki mwilini siku ugonjwa unapotoka, inabaki kwenye yai, na mtoto wako akila dozi ndogondogo kila siku, vijidudu vinaizoea dawa. Akaelewa papo hapo. Kilichomzuia ni kile Kiingereza cha pakiti, si akili.

Ombi langu ni hili. Mkimaliza kufundisha kwa Kiingereza cha mtihani, mwambieni mtoto aeleze upya kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao. Mimi nilikariri "withdrawal period", zile siku za kutokula mayai baada ya dozi, nikapasi swali, nikaja kuijua maana yake nikiwa na miaka 26 nyuma ya kaunta.

#9 Mwalimu_Maabara

Agroveti, umesema kitu kikubwa. Nimeligeuza kuwa kazi ya nyumbani: mweleze nyanya au mama kwa nini kuchemsha hakuondoi floridi, kisha andika swali alilokuuliza. Nataka swali la nyanya, si maelezo ya mwanafunzi. Yamekuja makali kweli. "Kama haionekani, nani aliiona kwanza?" "Mbona dawa ya meno ina floridi na tunaambiwa ni nzuri?" Hilo la pili lilinipa kipindi kizima kuhusu kiasi, kwamba kidogo hulilinda jino lisioze, na kingi huliharibu likiwa bado linajengeka.

#10 Taaluma_Kakamega

Nilinyamaza wiki mbili. Nilitaka nijaribu kwanza ndipo niseme.

Sikuwa na muda wa mrija. Nilichukua kipindi kilekile cha marudio ya karatasi ya tatu, asidi na besi, nikabadilisha jambo moja. Niliwaambia: leo sitawapa jibu langu, na sitatoa alama za kukaribia. Kila kundi liandike lilichosoma ubaoni, hata kama ni kibaya, na mwenye namba ya ajabu ataheshimiwa akituonyesha imetoka wapi.

Makundi nane. Sita yalikaribiana, mawili yalikuwa mbali. Miaka ya nyuma hayo mawili yangefuta upesi na kunakili ya jirani. Safari hii yalibaki pale ubaoni, darasa zima linayatazama. Kundi la kwanza tuligundua bureti yao ilikuwa na kiputo cha hewa chini ya bomba. Katikati ya jaribio kiputo kilitoka, bureti ikasoma kwamba asidi imetumika ilhali ilijaza tu nafasi ya hewa. La pili lilitutesa dakika kumi nzima. Mwishowe kijana mmoja akakumbuka waliisuuza chupa ya koniko, ile ya kuchanganyia, kwa ile besi yenyewe badala ya maji, "ili iwe safi zaidi." Akajieleza mwenyewe: matone yaliyobaki ukutani ni besi ya ziada, kwa hivyo asidi zaidi itahitajika. Nimekuwa nikiwaambia miaka 14, "Suuzeni kwa maji yaliyotoneshwa, yale safi ya mvuke uliopozwa," nao wanaitika ndiyo mwalimu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Tatizo la muda bado lipo, na bodi bado itaniuliza wastani. Lakini kipindi kile sikupoteza dakika hata moja ya silabasi. Nimewaomba walimu wa fizikia na bayolojia tufanye hivyo mara moja kila wiki mbili.

Swali moja: ile misumari ya kwenye mrija ni ya ukubwa gani? Wangu nimeujaribu jana nyumbani, unalala ubavu.

#11 Mzazi_Bahati

Nami nirudi. Nilimwuliza mwenye mkokoteni kuhusu karatasi ya kisima, akasema hajawahi kuulizwa na mtu. Alinipeleka kwa mwenye kisima, ambaye anayo ya mwaka wa kuchimbwa na haijapimwa tena. Tumekubaliana na majirani sita tuchange tukapime upya. Binti yangu wa kidato cha tatu ndiye ataandika lebo za chupa. Nimeweka pia tangi la maji ya mvua, dogo, la huyu wa miaka 3.

#12 Mwalimu_Maabara

Mzazi, mwambie binti aandike kwenye lebo mahali, tarehe, saa, na pampu ilikuwa imefanya kazi kwa muda gani kabla ya kuchota. Maji ya kwanza yaliyolala kwenye bomba si ya kisima. Chupa isuuzwe mara tatu kwa maji yenyewe yanayochukuliwa sampuli. Na hapa, Taaluma, tazama: chupa ya sampuli unaisuuza kwa sampuli, ila chupa ya koniko unaisuuza kwa maji yaliyotoneshwa. Waulize wako kwa nini, usiwaambie.

Misumari ni ile midogo ya fundi viatu, miwili. Ukilala ubavu, uzito haujafika chini, au mrija ni mrefu mno. Idondoshe misumari kabla nta haijaganda ili ishikane kwenye ncha, kisha punguza mrija juu kidogo kidogo kwa mkasi mpaka usimame.